Docta na Mistari Niliyoifuta

Siku afisa wa shirika alipogeuza kiti chake cha ofisi cha kuzunguka kuniangalia, akaniuliza kama ningeweza kuiandika upya orodha ya Docta, kila nyumba iwe na "ndiyo" au "hapana" na si kitu kingine, nilipaswa kukataa. Nilikuwa mtu mzima, mwenyekiti wa zoni, na neno la kukataa nilikuwa nalijua katika lugha tano. Badala yake niliomba rula.

Ilikuwa orodha ya nyumba za zoni yetu katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, nyumba za matofali mabichi, na ilisema ipi inaweza kuanguka mvua zikija. Shirika lilikuwa na saruji, miti na mabati ya kutosha nyumba chache tu. Aliyeandikiwa "ndiyo" angeimarishiwa kuta kabla ya mvua. Aliyeandikiwa "hapana" angengoja mwaka mwingine, kama angekuwepo. Docta aliitengeneza kwa mashine yake kiangazi kizima. Mimi niliisafisha kwa mchana mmoja, na mwandiko wangu ulisifiwa.

Watu wetu wakimsimulia Docta huanza na mambo ya kuchekesha. Yapo mengi, nami nitayasema, maana mtu yule alichekesha sana bila yeye mwenyewe kucheka. Lakini nataka msomaji ajue tangu mwanzo kwamba katika hadithi hii mpumbavu si yeye.

Tulimwita Docta kwa sababu alikuwa na shahada ya juu kabisa ya kompyuta, na kambini shahada haina vyumba: ukishaitwa docta, unaletewa watoto wenye homa. Mwanzoni alijaribu kueleza. Baadaye alichoka, akawa anawapokea akina mama, anauliza maswali matatu au manne, kisha anasema, "Malaria, sita juu ya kumi. Mpeleke hospitali leo, usingoje kesho." Akina mama walikwenda. Walisema docta huyu ni mzuri, shida yake tu hatoi dawa.

Kazi yake halisi, alivyonieleza kwa miaka mingi mbele ya mlango wangu, ilikuwa kuifundisha mashine kukisia. Unaionyesha mambo mengi yaliyokwisha kutokea, nayo inajifunza kukisia ambalo halijatokea. Hilo, alisema, siku hizi kila mtu analifanya, hata simu ya mtoto wa shule. Utafiti wake yeye, aliouanza Bukavu, Kongo, akaupeleka ng'ambo na kurudi nao, ulikuwa wa hatua ya pili: kuifundisha mashine iseme imekisia kwa uhakika kiasi gani. Ujana wake wote aliutumia kuifundisha mashine kusema "sijui vizuri". Mimi nilimaliza sekondari tu, lakini nilimwambia hapo hapo kwamba kusema sijui hata mimi naweza, tena bila umeme.

"Hapana, Papa Furaha," alinijibu. "We huwezi. Sijawahi kukusikia."

Nilicheka. Nilidhani ni utani.

Hakuwa anajibu "ndiyo" wala "hapana" kwa jambo lolote. Ukimuuliza kama atakuja kwenye harusi, anasema nane juu ya kumi. Ukimuuliza kama maji yatatoka leo bombani, tatu juu ya kumi, na anakushauri ubebe ndoo moja badala ya mbili. Siku moja kanisani pasta alimsimamisha atoe ushuhuda, akamuuliza mbele ya waumini wote kama ana uhakika wa kwenda mbinguni. Docta alifikiri kidogo, kama mtu aliyeulizwa swali zuri.

"Tisa juu ya kumi," alisema.

Kanisa zima liligeuka. Pasta alishika maiki kwa mikono miwili. "Docta! Na hiyo moja iliyobaki iko wapi?"

"Hiyo moja, Pasta, njo inanifanya nisali."

Walimnyima zamu ya kusoma Neno kwa miezi mitatu. Yeye aliona ni haki, na alikuwa ameshakisia miezi miwili hadi minne.

Alifundisha vijana bure, nyuma ya kinyozi, kwa kopo la maharagwe. Ndani alikuwa amechanganya mekundu na meupe, na hakumwambia mtu mangapi. Anatoa moja, anauliza, "Kabla ya kuona hili uliamini nini? Na sasa unaamini nini?" Anatoa la pili, anauliza tena. Kabla, na baada. Kabla, na baada. Mchana mzima watu wazima na akili zao walikaa wanatazama maharagwe yakitoka moja moja. Somo lile liliendelea wiki kadhaa, hadi siku aliposahau kopo kwetu na mke wangu akalipika.

"Mama Furaha," alisema Docta alipokuta sufuria, "ile ilikuwa ni mfano."

"Kaa basi ule mfano," alisema mke wangu. "Mekundu yalikuwa mengi. Ungeniuliza mi tangu mwanzo."

Mke wangu alikuwa mshonaji. Namtaja hapa mapema kwa sababu alikuwa mtu pekee aliyemweza Docta. Cherehani yake ya miguu ilikaa kwenye ukuta wa nyuma, chini ya dirisha, kwa sababu hapo ndipo mwanga ulipoingia vizuri, na kutoka hapo alishona sare za shule, nguo za kwaya na suti za maharusi wa zoni tatu. Docta alipotaka koti na suruali kwa ajili ya mkutano mmoja wa wanasayansi, mke wangu alimuuliza kiuno.

"Kati ya themanini na tisini," alisema Docta. "Inategemea nimekula nini wiki hiyo."

Mke wangu alitoa pini mdomoni. "Docta, mi nashona suruali, sishoni pengine. Simama hapa nikupime."

Akampima. Koti lile lilimkaa kama alizaliwa nalo.

Mkutano wenyewe hakwenda. Mikutano haikuwa shida, ilimwalika kila mwaka kwa barua nzuri zenye mhuri wa rangi. Shida ilikuwa mipaka, ambayo haijasoma makala zake. Aliandika utafiti wake kambini, kwa kompyuta ndogo iliyochajiwa kwa kinyozi kati ya mteja na mteja, na pale watafiti wanapoandika jina la chuo chao kikuu, yeye aliandika Dzaleka. Waliopewa kazi ya kukagua makala walirudisha maswali mengi ya hesabu, na mmoja aliuliza kwa heshima zote kitivo hicho cha Dzaleka kiko chini ya chuo gani. Docta alijibu kwamba kiko chini ya mabati.

Kwa hiyo koti lilivaliwa nyuma ya kinyozi. Docta alikaa wima mbele ya kompyuta, akawaeleza watu wa nchi ya mbali kwa Kifaransa na Kiingereza jinsi mashine inavyoweza kukisia kwa busara ikiwa na habari chache, huku mashine ya kunyolea ikinguruma nyuma yake. Alipomaliza, wateja waliokuwa na povu shingoni walipiga makofi. Kule ng'ambo mtandao ulikuwa umekatika tangu katikati. Aliambiwa kesho yake kwamba mwanzo ulivutia.

Hakulalamika. Hilo lilinikera kuliko kitu kingine. Mimi nililalamika kwa niaba yake kambi nzima, nikimwita shahidi, naye alisimama pembeni anasahihisha namba zangu.

Nisije nikamfanya malaika. Alikuwa na ukatili wa aina yake, ukatili wa mtu anayedhani ukweli ukishakuwa sahihi umekwisha kuwa mwema. Jirani mmoja, mwanamke wa Fizi aliyeishi na tumaini la kupelekwa kuishi nchi ya tatu, ng'ambo, alimuuliza siku moja kama jina lake litaitwa. Docta akamwambia, "Moja juu ya mia. Labda nusu yake." Yule mama hakumsalimu mwaka mzima. Jina halikuitwa hadi leo, na bado hajamsamehe, nami namuunga mkono. Tena mtu huyu wa makisio hakuweza kukisia lolote la kwake. Alibeba mwavuli Julai nzima wakati hata mawingu yako likizo, na Januari akalowa kama nguo. Kwenye mchezo wa dame nilimfunga kila siku. Alikuwa na uhakika kamili juu ya jambo moja tu duniani, kwamba nsima ya hapa si bugali wa kwetu, haitakuwa bugali, na aliyesema ni kitu kimoja hajala vyote viwili.

Na alikuwa na sheria moja. Sifuri haiandikwi.

Niliijua sheria hiyo kwa sababu ya mdogo wake. Walipotezana njiani wakati wa kukimbia, miaka mingi nyuma, na kila mwaka, mwezi huo huo, Docta aliandika kwenye ukurasa wa mwisho wa kaye yake, daftari lake la siku zote, namba ya kama mdogo wake yu hai. Ilianza saba juu ya kumi. Nilipoiona mimi ilikuwa ni moja juu ya mia mbili.

"Si uandike sifuri ulale?" nilimuuliza. Nilidhani nasaidia.

"Sifuri ukishaiandika, Papa Furaha, hakuna kitu kinaweza kuitoa. Kesho mtu akileta barua yake kwa mkono, hesabu itabaki sifuri. Sifuri njo kusema: hata nikiona, sitaamini." Akafunga kaye. "Mi bado nataka nikiona niamini."

Niliona ni maneno mazuri. Nilikuwa navyo vingi siku hizo, vitu nilivyoviona vizuri na kuviacha hapo hapo.

Sasa kuhusu nyumba.

Tangu nichaguliwe mwenyekiti nilikuwa na daftari la nyumba zilizoanguka: ya nani, mwezi gani, ukuta upi. Hakuna aliyeniagiza. Napenda tu mambo yaliyopangwa. Docta alipoliona alilishika kama watu wanavyoshika mtoto wa wenzao. Alikaa nalo siku mbili, kisha akaja mbio.

"Papa Furaha, hii ni hazina. Na zile ambazo hazikuanguka umeandika wapi?"

"Ambazo hazikuanguka? Naandika nini juu yake? Zimesimama."

Alikaa chini. Akanieleza kwa uvumilivu kwamba mashine ikionyeshwa nyumba zilizoanguka peke yake, itajifunza kwamba kila nyumba inaanguka, kama mtoto aliyelelewa makaburini. Lazima ione na zilizosimama, ili ijue tofauti. Kwa hiyo tulianza kutembea, yeye, mimi na karatasi, nyumba hadi nyumba kiangazi chote. Umri wa matofali. Msingi wa mawe au hauna. Ukuta gani unapigwa na mvua. Mtaro uko umbali gani. Watu wanaogea wapi, maana maji ya kuoga yanakula ukuta polepole kuliko mvua. Tulichekwa sana. "Mwenyekiti anahesabu nyumba nzima!" walisema. "Kesho atahesabu bantu bazima, watu wenyewe!"

Karatasi ya nyumba yangu niliijaza mwenyewe, nimekaa. Nilijua nyumba yangu. Visanduku vitatu vya ukuta wa nyuma niliviacha wazi, kwa sababu kwenda nyuma kulitaka kuzunguka kwa jirani, na jua lilikuwa kali, na nani angeniuliza?

Mashine ilipomaliza kujifunza, Docta alileta orodha. Mbele ya kila nyumba palikuwa na namba, na baada ya namba palikuwa na mstari aliouchora mwenyewe kwa kalamu. Namba ilisema nyumba ina hatari kiasi gani. Mstari ulisema mashine inajua kiasi gani. Mstari mfupi: iamini namba. Mstari mrefu: usiiamini, nenda kaone kwa macho yako. Ukurasa wake ulikuwa mchafu kuliko vyote nilivyowahi kuona, mistari mingine inakimbia hadi ukingoni. Mimi mtu wa mwandiko niliumia.

Tulikwenda Lilongwe pamoja, kwenye ofisi ya shirika. Afisa alikuwa mama mmoja Mmalawi, mpole, aliyechoka kwa haki. Alitupa maji baridi. Alisikiliza kila kitu, kisha akaonyesha fomu yake, na fomu ilikuwa na safu mbili.

"Docta, ninachohitaji ni ndiyo au hapana."

"Madam, nyumba ya mstari mrefu si ndiyo wala si hapana. Jibu lake ni kwenda kuona. Nipe wiki mbili tuzitembelee. Si nyingi."

"Saruji inaondoka ghalani Jumatatu. Fomu ikichelewa watapewa wengine." Hakusema kwa ubaya. "Huwezi kukata tu katikati? Juu ya tano ndiyo, chini ya tano hapana?"

"Naweza kukata. Lakini itakuwa ni mi naongopa kwa mwandiko safi."

Ndipo kile kiti kikageuka, kikalia kidogo, na yule mama akaniangalia mimi. Mwenyekiti, alisema, watu wako watanyeshewa. Sikuwahi kuitwa mwenyekiti kwenye chumba chenye pazia. Wote mmeshajua nilichojibu. Wala si kwamba alinidanganya. Ni kwamba niliona aibu kwa ajili ya Docta, mtu mwenye shahada kubwa vile anayeshindwa kujaza fomu, na niliona raha kidogo, naandika ukweli, kuwa mimi wa sekondari ninaweza.

Tukatoka hadi Old Town kutafuta gari la kurudi. Stendini Docta aliniuliza:

"Utaandika kweli?"

"Nitaandika tu vizuri, Docta. Mistari yako iko kama kuku amekanyaga wino."

"Usiandike sifuri, Papa Furaha."

"Sitaandika sifuri," nilimwambia. "Nitaandika hapana."

Docta akanunua karanga, akanipa nusu.

Niliandika kesho yake, mezani kwangu, baada ya chakula cha mchana. Mke wangu alikuwa kwenye cherehani chini ya dirisha, anashona nguo za kwaya. Nilipitisha rula, nikachora safu mbili, nikaanza. Sita: ndiyo. Tatu: hapana. Nane: ndiyo. Mistari yote niliiacha nje. Ni kazi tamu, wala sitadanganya. Kila shaka ya Docta iliingia upande mmoja ikatoka upande wa pili imenyooka.

"Yetu iko na ngapi?" aliuliza mke wangu bila kugeuka.

"Nne."

"Nne ni mingi ao ni kidogo?"

"Iko chini ya tano. Hapana."

Alisimamisha miguu, akainuka, akaja kuangalia juu ya bega langu. Kwenye ukurasa wa Docta, mstari wa nyumba yetu ulikuwa mrefu kuliko yote. Ulivuka karatasi nzima ukaishia pembeni kabisa, ambapo kalamu ilikosa pa kwenda.

"Na huu mstari ni wa nini?"

"Docta njo vile anapenda kuchora."

Nilijua ni wa nini. Nilijua pia ni wa visanduku vipi vitatu. Lakini nilikuwa na sababu nyingine, na niliiona ni ya heshima: mwenyekiti anayejiandikia saruji anasemwa hadi kaburini. Nilitaka watu waone nyumba ya mwenyekiti ina "hapana" kama za wengine. Nilijivunia "hapana" ile. Niliiandika kwa herufi nzuri kuliko zote.

"Bon," alisema mke wangu, akarudi kwenye kwaya yake.

Saruji ilikuja Jumatatu kweli. Kuta zilijengwa, nikapigiwa makofi kwenye mkutano wa zoni, na jina la Docta lilitajwa baadaye, baada ya dereva wa lori. Desemba shule moja ya ufundi ya Lilongwe ilimwombea Docta kibali cha kwenda kufundisha, akapata chumba mtaa wa Area 49, akaondoka na kompyuta, kopo na koti. Hatukugombana. Ingekuwa bora.

Mvua zilikuja Januari. Siku ya tatu mfululizo, mchana, ukuta wetu wa nyuma uliingia ndani. Nyuma yake, upande nilioona uvivu kuuzunguka, maji ya kuogea ya jirani yalikuwa yamekula matofali ya chini kwa miaka. Ukuta uliangukia cherehani, na cherehani ikamwangukia mke wangu, na meza yake ya chuma ikakaa juu ya mkono wake wa kulia hadi majirani walipomtoa.

Docta alipiga simu wiki iliyofuata. Alitaka kujua matokeo, kila nyumba moja moja. Alikuwa anaandika.

"Zilishikilia?"

"Zilishikilia, karibu zote."

"Na ya kwako? Ile ya mstari?"

Mke wangu alikuwa amelala chumba cha jirani, mkono umefungwa hadi begani. "Ukuta mdogo tu," nilisema. "Wote wazima."

"Asante Mungu," alisema mtu wa tisa juu ya kumi, na nikasikia kalamu yake ikiandika.

Miaka imepita. Mwaka huu, kabla ya baridi, nilikwenda Old Town na kichwa cha cherehani kimefungwa shukani, kutoka stendi nyuma ya baiskeli ya kukodi, kabaza kama zinavyoitwa huku. Muuza vitambaa mmoja alikuwa ameniambia nilete akione kama atakinunua. Nilikuwa nimesimama mbele ya duka lake niliposikia nyuma yangu:

"Papa Furaha! Au nimekosea. Tisa juu ya kumi ni we."

Ndevu zimekuwa nyeupe zote. Koti lilikuwa lile lile, kola imechakaa, mishono haijaachia popote. Alinikumbatia, akaanza habari zake hapo hapo kwenye jua, kama tulikuwa tumeachana jana. Programu yake mpya, alisema, ikiwa haijui haitoi namba kabisa. Inasimama, inauliza: nani amekwenda kuona? Hadi uandike jina la mtu aliyekwenda, haiendelei. Wanafunzi wake wanaichukia. Na makala ya nyumba zetu ilichapishwa hatimaye, na mwishoni kuna shukrani, na katika shukrani kuna jina langu, kwa uaminifu wa kumbukumbu zangu.

"We sasa uko mtu wa sayansi," alisema. Kisha akaona shuka. Akalitambua gurudumu lililotokeza. "Mama Furaha amepata mpya? Mwambie hili koti nataka anigeuzie kola."

Ningeweza kusema ndiyo. Nimeshazoea kuandika vizuri. Lakini mwenye kabaza alikuwa ananiangalia, na Docta alikuwa ameshika ile kola kwa vidole viwili, anangoja.

"Ule ukuta haukuwa mdogo," nilisema. Nikamweleza. Visanduku vitatu, na nani aliviacha. Kwaya, meza ya chuma, hospitali. Na simu.

Aliachia kola. Alifungua mdomo, na miaka yote niliyomjua hiyo ilikuwa mara ya kwanza namba haikutoka.

"Niliiandika," alisema baadaye. "Nyumba yako. Niliandika wote wazima. Iko ndani ya makala." Akafuta uso kwa kiganja. "Itabidi niwaandikie."

"Waandikie."

"Na mi niliwachia namba nikaondoka, Papa Furaha. Ningeweza kuja kuona mwenyewe. Ule mstari niliuchora mi."

"Kosa ni langu, usininyang'anye hata hilo," nilimwambia.

Kisha nikamuuliza, kwa sababu sikuwa na mtu mwingine wa kumuuliza ambaye asingenibembeleza. "Docta, mkono utarudi? Niambie namba."

Aliuliza maswali yake. Vidole vinafunga? Havifungi. Anasikia moto na baridi? Kwenye kidole gumba tu. Mazoezi alifanya muda gani? Mwaka na nusu. Waganga wa hospitali walisema nini mwisho? Walisema azoee kushoto. Docta aliangalia chini, akahesabu, nikamwona anahesabu.

"Moja juu ya hamsini," alisema. "Siandiki sifuri."

"Na mstari?"

"Mfupi," alisema. "Mstari ni mfupi."

Alinisaidia kuingiza cherehani dukani, upande wake yeye na upande wangu mimi, hatua kwa hatua, kama watu waliobeba mgonjwa. Tulipotoka alinipa karanga, nusu kwa nusu.

Mke wangu alishona miaka thelathini na miwili, na sasa hawezi kufunga kifungo cha nguo yake mwenyewe; ninamfungia mimi kila asubuhi. Nilipoandika "hapana" kwenye nyumba yangu, niliutoa mkono wake wa kulia ili mwandiko wangu usifiwe.